Namba ya Mtu wa Karibu

9 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Huku sote wazima. Wifi yako anakusalimu, watoto wanakula kama wanalipwa kwa kula, na mimi kitambi kimeanza kunitangulia mlangoni. Ofisi imetupandisha ghorofa ya juu kabisa, kuta zote vioo. Mtu akipiga chafya jengo zima linamwona.

Najua unasema, huyu Asilimia karukwa na akili, ana simu mbili mfukoni na anaandika barua. Simu ndiyo sababu yenyewe. Mwezi uliopita uliomba kwenye kampuni yetu mkopo wa mashine ya kukaushia nguo, ukakataliwa bila maelezo, ukanipigia ukitukana mpaka wenzangu wakageuka. Sikukujibu kwa sababu kwenye simu pasingefaa. Sasa nakujibu.

Zamani ofisa wa mikopo alikutazama usoni, akatazama duka lako, akaamua. Siku hizi anayeamua ni modeli, yaani hesabu kubwa iliyo ndani ya kompyuta, na hiyo haina haja ya kuona uso. Inatazama unazungumza na nani. Kutolipa kunaambukiza, dada. Anayeshinda kwenye simu na wasiolipa, mara nyingi naye halipi. Usiniulize kwa nini, hata sisi tulioiunda hatuwezi kusema kwa nini imemkataa huyu na kumpitisha yule. Tunajua tu kwamba mara nyingi haikosei.

Sasa sikia. Mdogo wetu Kitinda alichukua mkopo kwetu anunue vioo vya kibanda chake cha kutengeneza simu. Akaibiwa vioo, akaacha kulipa. Kwenye fomu, panapoulizwa namba ya mtu wake wa karibu, iliyopo ni namba yako. Uchafu wake umekumwagikia wewe.

Dawa ipo. Kuanzia mwezi ujao mpaka mwisho wa Mei modeli itakuwa inakuangalia. Usizungumze na Kitinda kwenye simu hata mara moja. Akipiga, acha iite. Simu isiyopokelewa haina madhara. Na mimi usinipigie, maana mfanyakazi anayepigiwa na mwombaji aliyekataliwa huitwa kujieleza. Tuandikiane. Mengine siwezi kukusaidia. Kugusa faili la ndugu ni kosa la kufukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Na usimwambie mtu yeyote. Watu wakishajua kinachopimwa, kipimo kinakufa.

Mdogo wako,
Asilimia

27 Februari

Asilimia,

Marahaba. Barua yako ilifika imelowa, kama kila kitu hapa. Nimefurahi kusikia kitambi kinaendelea vizuri.

Mvua haijatupa hata asubuhi moja. Mashuka ya nyumba ya wageni nimeyatundika mpaka chumbani kwangu, nalala katikati yake kama maiti. Juzi meneja wao alikuja mwenyewe, akachukua shuka la juu, akalinusa mbele ya wanawake wangu wa pasi. Alilirudisha kwenye rundo na kujipangusa vidole. Mtaa wa nyuma kuna dobi amenunua mashine ya kukaushia, na meneja ameshaonekana kwake mara mbili. Ile nyumba ya wageni ikiondoka, nawaambia hawa wanawake wawili wanaonipigia pasi wasije tena, halafu nafunga mlango. Hayo ndiyo yaliyonifanya nikutukane. Sijutii, ila pole.

Nimekusikia. Kitinda akipiga naacha iite. Lakini yule naye si mjinga, amekuja kwa miguu. Modeli yako haioni miguu, au nayo inaona? Nilimsubiri akae, nikamshushia maneno yote. Nikamwambia, umeninyima mashine wewe, umeandika namba yangu kwenye madeni yako bila hata kuniuliza!

Akanikodolea macho. Akasema, "Dada, sikukuandika wewe. Nilimwandika Asilimia. Ningekuandikaje wewe, unayefua nguo za watu? Nilitaka wanione nina ndugu mwenye kazi ya heshima." Nikamwita mwongo. Akaapa kwa kaburi la mama. Nikamwambia asimwingize mama kwenye vioo vyake. Akatoka bila kunywa chai.

Unajua Kitinda hata uongo hajui, tangu utoto alikuwa akidanganya masikio yanamwinuka. Siku ile hayakuinuka. Wewe unasemaje?

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Kazi zimenifika shingoni. Mtoto wa pili ameng'oka jino la mbele na anadai alipwe. Wifi yako amebadilisha mapazia, sasa sebule yetu inafanana na ukumbi wa harusi.

Mimi nimependekezwa kuwa mkuu wa ofisi ya vihatarishi. Ukitaka kumweleza jirani, mwambie ni ofisi inayokaa ikifikiria yatakayoharibika. Wengine wanauza mikopo, sisi tunauliza, je, wote wakiacha kulipa kwa wiki moja? Siku za kawaida hazitusumbui. Tunaiogopa ile siku moja mbaya, maana ndiyo inayoangusha kampuni. Kiti hicho kitatolewa mwishoni mwa mwaka, na kabla ya hapo na mimi napimwa kwa modeli hiyohiyo: nazungumza na nani, nani kaniandika. Anayesimamia hatari za watu hawezi kuwa na hatari nyumbani kwake. Kwa hiyo unaona, hata mimi nimefunga mdomo kama wewe.

Wakaguzi wa serikali nao wanakuja Mei. Wanataka tuwaeleze kwa nini modeli inaamua inavyoamua. Tunawaandalia picha nyingi zenye rangi.

Habari njema: alama zako zimeanza kupanda. Hujazungumza naye mwezi mzima na modeli imeona. Jikaze kisabuni, dada, wewe si ndiye dobi?

Kuhusu Kitinda, unaujua ugonjwa wake, sukari humvuruga mtu kumbukumbu. Usiyatilie maanani.

Asilimia

29 Aprili

Asilimia,

Sina habari nyingi. Hongera ya kiti. Mapazia mtanionyesha siku moja.

Hukunijibu nilichokuuliza. Umesema sukari humvuruga mtu kumbukumbu. Sikukuuliza kuhusu sukari.

Kitinda ana kidonda mguuni, chini ya kisigino. Ameniambia fundi mwenzake wa kibanda cha pili, aliyenipitia hapa kuchukua suruali zake. Kidonda hakifungi. Kitinda hawezi tena kusimama kibandani, anashinda chumbani kwake, na kule ni mbali, upande wa pili wa mji. Ananipigia kila asubuhi. Simu naiweka kwenye rafu ya wanga, jina lake linaita mpaka linazimika, na wale wanawake wanaopiga pasi wanainamisha vichwa. Mmoja aliniuliza, "Dada, kwani mmegombana?" Nikamjibu apige pasi.

Nilimpelekea uji na dawa Jumapili. Alifurahi, akataka kujua simu yangu imeharibika nini, akasema nimwachie ataitengeneza bure. Nikasema spika yake haitoi sauti. Akaifungua, akaitazama, akaifunga. Akasema, "Haina ubovu, dada." Mimi nikaanza kukunja blanketi lake.

Naomba jambo moja. Nimpigie mara moja tu kwa wiki, nijue ameamkaje. Mimi ndiye mwenye kigari cha kubebea nguo. Akizidiwa ni nani atamfuata kama si mimi? Uliza hiyo modeli yako, au jiulize mwenyewe.

Dada

8 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, wakaguzi wako ghorofa ya chini.

Jibu ni hapana. Zimebaki wiki tatu tu. Ukizungumza naye sasa, hesabu inaanza upya na nyumba ya wageni haitakusubiri. Usipoteze mashine kwa sababu ya huruma ya dakika mbili. Kitinda tangu mdogo ndiye kitindamimba wa kudekezwa, akichomwa na mwiba mtaa mzima unajua. Kama ana shida ya kweli atakuja kwako kwa miguu, kama alivyokuja mara ya kwanza.

Asilimia

21 Mei

Mdogo wangu,

Kitinda amekufa. Tumemzika jana.

Alianza kupiga asubuhi ya Jumatatu, tukiwa tunapiga pasi. Akapiga, ikaita, ikazimika. Akapiga tena. Kwa kawaida anapiga mara moja na kuniacha. Siku ile hakuacha. Yule mwanamke aliyeniuliza kama tumegombana aliweka pasi chini, akanyoosha mkono kuichukua simu. Nikaiwahi mimi. Nikaigeuza kifudifudi kwenye rafu, nikaweka juu yake rundo la foronya ili nisiisikie ikitetemeka. Nilikuwa nahesabu moyoni kwamba zimebaki siku chache.

Baada ya muda ikanyamaza. Nilishukuru. Nakuandikia hilo kwa sababu ni kweli, nilishukuru.

Jioni fundi mwenzake akaja mbio, hana hata viatu. Walimkuta sakafuni karibu na mlango. Mwenye nyumba alimsikia akiongea chumbani mchana, akadhani ana mgeni. Alikuwa anaongea na simu isiyojibiwa. Daktari amesema sukari ilipanda na kidonda kikatia sumu, angeletwa asubuhi angepona kwa kukatwa mguu. Kigari kilikuwa nje ya mlango wangu kina mafuta.

Nilikutumia neno kupitia kwa wifi, ili usipate doa la namba yangu. Wifi akasema umelipata. Tulikusubiri kaburini mpaka wachimbaji wakaomba waende.

Umenichoma, mdogo wangu. Na mimi nimejichoma mwenyewe, ila nilikuwa na mtu aliyenishika mkono kuupeleka motoni.

17 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Pole sana. Pole yetu sote. Nimekaa na barua yako siku nyingi. Kitinda alikuwa mdogo wangu pia. Wifi yako amelia sana, na watoto wamechora picha ya baba mdogo akiwa na mabawa.

Kuja nilishindwa. Siku ile ndiyo wakaguzi walikuwa wananihoji mimi, na ningeondoka ingeonekana nakimbia. Halafu modeli inaona pia mahali simu ya mtu inaposhinda, na pale kwenu siku ile zilijaa simu za mafundi wenzake, nusu yao wanadaiwa. Ungekuwa mimi ungeelewa.

Ukaguzi tumepita, tena kwa sifa. Walilalamika jambo moja tu, kwamba zamani mtu wa ofisini aliweza kubadilisha taarifa kwenye faili la mteja na isijulikane ni nani. Nimelifunga tundu hilo mwenyewe. Tangu mwezi huu kila badiliko linabeba jina la aliyelifanya, na halifutiki. Bodi imenipigia makofi.

Sasa nina jambo ambalo nimesita kulisema, ila naona labda litakufariji. Mkopaji akifa, faili lake hufungwa na uzi wake kwa mtu wa karibu hukatika. Alama zako zimeruka siku ileile. Zile simu ambazo hukupokea nazo zimehesabiwa kuwa nidhamu. Umekubaliwa, dada. Mashine yako imepatikana. Nenda ofisi ya mtaani kwenu na kitambulisho tu.

Angalau kuna kilichookoka.

Asilimia

1 Julai

Mdogo wangu,

Asante kwa pole, na asante kwa picha ya mabawa. Mwambie mwanao baba yake mdogo alikuwa mzito, angehitaji mabawa makubwa zaidi.

Binti mmoja wa kampuni yenu, anayepigia watu kuwadai, amenipigia. Orodha yake ilikuwa ya kabla ya msiba, hakujua Kitinda amekufa. Nilipomwambia, aliomba radhi kwa adabu nyingi, tukaongea kidogo. Ni mtoto mzuri, ana sauti laini. Kazi hiyo haimfai.

Mkopo nitauchukua. Meneja wa nyumba ya wageni amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nina swali moja la fomu. Panapoulizwa mtu wa karibu, niandike nani?

Dada

12 Julai

Dada,

Shikamoo. Andika jirani yeyote, au hao wanawake wako wa pasi. Usiniandike mimi, unajua hali yangu mwaka huu. Nafurahi umeanza kusimama tena.

Hukuniambia mliongea nini na yule binti. Wale hawaruhusiwi kuzungumza mengi.

Asilimia

4 Desemba

Mdogo wangu,

Hatujaandikiana muda mrefu. Sisi huku wazima, tuliobaki. Jua limerudi, mashuka yanakauka kwa saa mbili kwenye kamba, na mimi nina mashine.

Ni nzuri sana. Ilipofika wale wanawake waliishangilia. Inanguruma, inatoa shuka lina joto kama mtoto aliyetoka kulala. Nyumba ya wageni ilirudi, ikaja na kliniki ya meno. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilipata fedha za kulipa kila nilichodaiwa na kubakiwa na zangu.

Sijalipa hata mwezi mmoja.

Sikushindwa. Nakueleza ili usije ukajidanganya kwamba nimeshindwa. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nazo mkononi. Za kwanza nilimjengea Kitinda kaburi. Zilizofuata nilimpa fundi mwenzake, yule aliyekuja bila viatu, akamlipa mwenye nyumba kodi ya Kitinda. Zilizobaki wamegawana wale wanawake wangu. Wiki ijayo kampuni yenu inakuja kuichukua mashine, nami nimekwenda kwa yule dobi wa mtaa wa nyuma, nikampa nyumba ya wageni na kliniki kwa sharti moja, awachukue wanawake wangu wote wawili. Amekubali haraka mpaka nikamcheka.

Na kwenye fomu, mtu wa karibu, nimeandika namba yako.

Ulitaka kujua mimi na yule binti tuliongea nini. Aliniambia anasikitika, maana kwenye karatasi zake za zamani aliyekuwa akipigiwa kwa ajili ya Kitinda si mimi, ni mwanamume fulani asiyepokea. Halafu Januari namba ikabadilika kutoka makao makuu, ikawa yangu. Aliona ni kosa la mashine. Akanisomea ile namba ya zamani ili nimjulishe mwenyewe msiba. Ilikuwa namba yako. Januari, mdogo wangu. Mwezi niliokataliwa mkopo. Barua yako ya kwanza, yenye kitambi na vioo, iliandikwa Februari.

Kwa hiyo hakudanganya. Niliapiwa kaburi la mama nikamwita mwongo, akaondoka bila kunywa chai. Wewe ulikuwa unajua, ukaniandikia habari za jino la mtoto.

Nimejiuliza sana ulifikiria nini. Nadhani hukufikiria vibaya. Ulitazama wapi pataharibika, ukaona ni kwako, ukapasogeza kwangu. Ndiyo kazi yako, na wanakupigia makofi. Ungeniambia tu, "Dada, nibebee hili," ningelibeba. Tangu nikiwa na miaka kumi nawabeba nyie wawili. Ila ukaniletea kama dawa, na dawa yenyewe ikawa nisimpokee.

Binti wa madai anasema amekupigia tangu Oktoba. Naye ameshangaa kuona jina la mkubwa wake mwenyewe. Nimesikia pia kiti chako kinatolewa wiki hii. Unaweza kubadilisha ile namba, vidole unavyo na mlango unaujua. Lakini tundu umelifunga mwenyewe, na safari hii jina lako litabaki humo halifutiki. Usipoibadilisha, namba yako itabaki. Na hata ukithubutu, utaihamishia kwa nani? Kitinda hayupo. Tumebaki wawili, na mkeo. Chagua.

Tangu asubuhi unanipigia. Miezi kumi sijaona jina lako likiita, nilikuwa nimesahau kwamba niliweka picha yako ile ya shuleni, umevaa tai ya marehemu baba. Wale wanawake wameinamisha vichwa. Yule mmoja hajaniuliza kitu safari hii.

Kama una shida ya kweli, njoo kwa miguu.

Inaita tena. Nimeigeuza kifudifudi kwenye rafu ya wanga, na foronya ziko tayari.

Dada yako